Ulivuta Mara Mbili, Mjomba

Mjomba wangu uliye mbali, shikamoo.

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama, hata Editha ninayelala naye kitanda cha juu na chini bwenini. Naupenda mlio wa bunduki isiyo na risasi. Msichana wa kidato cha tatu, ambaye shuleni anajulikana kwa kukaa maktaba mpaka afukuzwe, hatarajiwi kupenda kitu kama hicho, ndiyo maana nimenyamaza. Lakini ule mlio wako, ule "ka!" mkavu na mfupi, kama mtu amevunja kijiti cha mti wa kahawa nyuma ya nyumba, kwangu ulikuwa na maana moja tu. Mjomba amefika, na sasa hivi ataniuliza nimesoma nini.

Ninaanza na mlio huo kwa sababu habari ninayotaka kukupa imo ndani yake. Na ninaiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu maneno yaliyokuondoa hapa Bweranyange yalisemwa hadharani. Simu yako haipatikani. Huenda umebadilisha namba ukiwa huko Geita, huenda umeizima tu ili usitusikie. Sikulaumu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukija kwetu? Ulipita katikati ya migomba na ile bunduki ya serikali begani, ya mbao, ya tangu vita vya wazungu, kitako chake kimelainika kwa mikono ya watu ambao hatutawajua kamwe. Kazi yako ilikuwa kuwafukuza nyati na nguruwe pori kwenye mashamba yetu, lakini kwangu ulikuwa mtu wa vitabu kama mimi. Ulikuwa ukisema, "Profesa, nisomee ukurasa mmoja, miguu inaniuma." Nami nilikusomea huku Mama akikutazama kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

Kabla ya hapo, hata hivyo, ilikuwa lazima bunduki ilie.

"Deo, simama hapohapo," Mama alikuwa akisema. "Hicho kitu kina njaa?"

"Kina njaa, dada."

"Nataka kukisikia."

Ulifungua bolti, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, ukamwonyesha Mama kwamba ndani hamna kitu, ukaifunga, ukaelekeza mtutu kwenye kisiki cha mgomba, ukavuta. Ka! Mama akasogea pembeni. "Karibu sasa, chai imeiva."

Mama alinieleza siku moja chanzo chake. Zamani za babu yake, mgeni aliegemeza mkuki wake nje ukutani kabla ya kuinama kuingia. Kuingia na mkuki nyumbani kwa mtu ilikuwa kumtukana. Alipokuona mara ya kwanza unakuja na bunduki, alitaka uiache nje. Ukamwambia, "Dada, hii ikiibwa nafungwa mimi, siyo wewe." Mkatafuta njia ya katikati, nayo ikawa hiyo. Bunduki ingeingia, ila kwanza isikike ikilia tupu.

Majirani wakaona. Mama Jeni alikuwa wa kwanza kukudai. "Kwa dada yako unailiza, kwangu unaingia nayo tu kimyakimya? Mimi si mtu?" Ukacheka, ukailiza. Kutoka hapo ikawa ndiyo adabu yako kijiji kizima. Kwenye msiba uliiliza, kwenye pombe ya rubisi uliiliza, kwa mama aliyetoka kujifungua uliiliza mbali kidogo ili mtoto asishtuke. Siku zako za kuzunguka tuliweza kujua uko nyumba ya nani kwa kusikiliza tu. Watu walikuamini kwa sababu hiyo. Kuna vijiji ambako mwenye bunduki akipita watoto wanakimbia. Hapa kwetu watoto walikimbilia kwako.

Nilipokuwa darasa la tano nilikuuliza, "Mjomba, haiumii?"

"Nini?"

"Ikigonga pasipo kitu."

Ulicheka mpaka ukakohoa. "Profesa, chuma hakina mbavu."

Nakumbuka pia Jumamosi ulipokuwa ukiisafisha. Ulivuta kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu kwa kamba, mara nyingi, kisha ukanipa nichungulie, na mle ndani mlikuwa mnang'aa kama kikombe kipya. Bolti uliipangusa kwa nje tu. Ulipokabidhiwa bunduki uliambiwa kwamba ya ndani ni ya mafundi wa wilayani, nawe ukatii, kama ulivyotii kila ulichoambiwa maishani mwako.

Siku ya nyati mimi sikuwepo, nilikuwa shuleni Omurushaka. Kwa hiyo ninayoyajua ni ya kusimuliwa, nawe unirekebishe nikikosea. Asubuhi nyati dume aliyetengana na kundi aliingia kwenye kibanja, shamba la migomba, la Mzee Bitegeko. Ulikwenda. Watu walijificha nyuma ya migomba wakikuangalia. Mzee alikuwa upande wa pili, kwenye maharage, amekwama hana pa kupita. Ulisimama, ukalenga. Bunduki haikulia. Ukafanya kitu na mikono yako, ukalenga tena. Haikulia. Nyati akamwendea Mzee, akamrusha, akamvunja paja, na ni kelele za madebe na mbwa zilizomwondoa.

Wewe ulisema, "Nilivuta, haikulia."

Wao wakasema, "Mbona uani kwetu inalia kila siku?"

Na jioni, mbele ya watu wote, mwenyekiti wa kijiji akatia risasi katika bunduki ileile, akaelekeza kwenye kichuguu, akavuta. Ikalia mpaka kuku wakatawanyika. Hapo ndipo kesi yako ilipokwisha. Bunduki ni nzima, kwa hiyo mbovu ni mtu.

Sitaki kuyarudia yote waliyokuita. Nitalitaja moja tu, kwa kuwa nililikuta likiimbwa na watoto wanaochota maji nilipokuja likizo: Askari Kimya. Walisema ulishika bunduki kama mwiko. Walisema kidole chako kiligoma kwa woga. Na wewe uliyazoea kuyasikia mpaka yakakuingia, maana Mama aliniambia neno lako la mwisho siku ulipokabidhi bunduki na kwenda kupanda basi. Alikuuliza tena, kwa upole, kama dada, kama kweli ulivuta. Ukamjibu, "Dada, hata mimi sijui tena."

Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyima raha kuliko jina la Askari Kimya. Watu wakikukosea, wewe bado unabaki unajijua. Lakini mtu akianza kutokijua kidole chake mwenyewe, anabaki na nini?

Sasa sikiliza, Mjomba.

Likizo hii amekuja kijijini fundi wa silaha kutoka wilayani, mama mmoja mnene mchangamfu ambaye watu wanamwita Afande Koku. Alileta bunduki nyingine kwa ajili ya Elias, kijana aliyechukua nafasi yako. Alileta pia ile yako, imefunguliwa vipandevipande kwenye kitambaa cheupe. Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mama hakwenda. Tangu uondoke hakai penye watu wengi. Nilikwenda mimi, nikakaa nyuma kabisa kama kawaida yangu.

Afande Koku hakusalimia kwa muda mrefu. Aliuliza, "Nani hapa alisema yule bwana hakuvuta?"

Sauti moja ikajibu kutoka nyuma: "Afande, tulikuwa wengi. Labda tupange foleni."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akatoa risasi mbili, zilezile ambazo mwenyekiti aliziokota pale uliposimama siku ile na kuzipeleka wilayani pamoja na bunduki. Alisema ameshaziondoa baruti, akazipitisha mkono kwa mkono. "Angalieni kitako chake. Hapo katikati ni fataki. Hiyo ikigongwa vizuri inawasha baruti, risasi inatoka. Ndani ya bolti mna kijiti cha chuma chenye ncha, tunakiita pini. Ukivuta, springi inakisukuma, kinagonga hapo. Pini nzima inachimba shimo. Hizi mnaona nini?"

Risasi zilinifikia, Mjomba. Nilizishika. Kwenye kila moja palikuwa na kidoa chepesi, kama alama ya ukucha kwenye sabuni, tena kimekaa upande kidogo.

"Risasi haijigongi yenyewe," Afande alisema. "Hicho ni kidole cha yule bwana. Alivuta. Ikakataa. Akaitoa risasi ya kwanza, akatia ya pili, nyati akiwa mbele yake, akavuta tena. Wangapi hapa wangefika kwenye ya pili?"

Hakuna aliyecheka hapo.

Mwenyekiti akainuka, na namwonea huruma. "Lakini Afande, jioni ileile mimi niliipiga, ikalia. Watu wote ni mashahidi."

Afande akainua pini yenyewe. Ilikuwa vipande viwili. "Imekatika hapa karibu na ncha. Lakini vipande havikuwa na pa kwenda, vilibaki mlemle ndani, kimoja nyuma ya mwenzake. Cha nyuma kikimsukuma mwenzake sawasawa, inalia. Kikimsukuma upande, inagusa tu. Wewe ulibahatika mbele ya kichuguu. Yeye hakubahatika mbele ya nyati."

Akatuonyesha mahali ilipokatika. Sehemu kubwa ya ule mkato ilikuwa nyeusi kwa kutu na mafuta, ukingo mdogo tu ndio uliokuwa uking'aa. Alisema huo weusi ni ufa wa zamani, na penye kung'aa ndipo palipomalizikia. Ufa ulikuwa ukikua kidogokidogo muda wote huo, na wewe ukiibeba begani bila kujua. Ndani ya bolti grisi ilikuwa imekauka na vumbi mpaka ikawa kama masizi ya chungu.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Hii bunduki mlikuwa mnaifyatua tupu?"

Kijiji kizima kikaangalia chini.

Mama Jeni ndiye aliyethubutu. "Kwani Afande, ikiwa tupu inaumia?"

Lilikuwa swali langu la darasa la tano.

"Inaumia sana," alisema. "Ikiwa na risasi, pini inagonga fataki, na fataki ni laini, inaipokea. Ikiwa tupu hakuna wa kuipokea. Inakwenda kwa nguvu zote mpaka mwisho na kusimamishwa ghafla, chuma kwa chuma. Bunduki mpya inaweza kuvumilia. Hii ni kuukuu kuliko baba zenu." Nikakumbuka mwalimu wetu wa fizikia alivyokunja waya mbele yetu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka ukakatika bila yeye kutumia nguvu yoyote. Alituambia chuma nacho huchoka. Niliandika, nikapata alama zangu, wala sikukuwaza wewe.

"Sasa nani alimfundisha kuiliza hivyo?" Afande aliuliza.

Hakuna aliyemtaja Mama. Ninataka ulijue hilo, Mjomba. Hata mmoja. Mzee Bitegeko akainuka kwa magongo yake, polepole, akasema, "Sisi sote, Afande. Hata kwangu ililia. Alikuja kuniona, nikamwambia ailize kwanza, mke wangu ni mwoga." Halafu akatugeukia sisi. "Mimi nilimwona yule nyati uso kwa uso, sikuwa na nafasi ya kuchunguza kidole cha Deo. Aliyevunjwa paja ni mimi, na sikusema kitu. Nyinyi wenye mapaja mazima ndio mliosema."

Afande hakutugombeza. Alimfundisha Elias palepale, nasi tukiangalia. Akifika kwenye nyumba ya mtu aivute bolti yote itoke, abaki nayo mkononi, na mwenye nyumba achungulie mtutu kutoka nyuma mpaka aone mwanga upande wa pili. Akifanya mazoezi ya kulenga, atumie risasi bandia ya kuipokea pini. Bolti ifunguliwe na kuoshwa ndani, ipakwe mafuta mepesi, siyo grisi nzito. Springi iangaliwe, ncha ya pini iangaliwe. Na kila akipiga risasi aliokote ganda na kuangalia shimo la pini kwenye kitako. Shimo likianza kuwa fupi au kwenda upande, arudishe bunduki wilayani kabla haijamwaibisha. "Ganda linakwambia mapema," alisema. "Tatizo ni kwamba hakuna anayeliangalia."

Nilirudi nyumbani mbio, maana nilijua Mama Jeni naye yuko njiani na mdomo wake. Nilitaka Mama asikie kutoka kwangu.

Alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilimwambia yote. Ya vidoa kwenye risasi nilimwambia kwanza, akasema, "Mawe, mama yangu! Deo wangu," akaweka kisu chini. Kisha nikamwambia kilichoivunja pini. Akakichukua kisu tena. Akamenya ndizi moja, ya pili.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe peke yako, Mama. Ni nyumba zote."

"Nyumba zote zilijifunza kwangu."

Kwenye vitabu kila mara kuna mtu mwenye jibu. Mimi nilikaa tu karibu naye, nikashika ndizi, nikaanza kumenya vibaya kama ninavyomenya siku zote.

Mama akauliza, "Yeye anajua kwamba alivuta?"

"Hajui, Mama. Ulisema mwenyewe alisema hajui."

Akainuka, akanawa utomvu mikononi. "Basi hilo kwanza. Langu litasubiri. Nitakwenda Geita mwenyewe, nimwambie mimi. Akitaka kunifukuza, anifukuze tukiwa tunatazamana."

Nikamwuliza kama katika barua hii nilifiche hilo la kwake. Akasema niliache kama lilivyo, kwa kuwa alichokitaka mlangoni kwake kilikuwa amani, na hakuona haya kuitaka. Nami nakuomba uliangalie hivyo. Wewe ulivuta bunduki tupu miaka yote hiyo ili watu wasikuogope. Hakuna aliyekosa kwa nia mbaya, si yeye, si wewe. Tulichokosa ni kujua.

Nimekuwa nikifikiria sana kwa nini ulijishuku. Nadhani ni kwa sababu wewe ni mpole, na mtu mpole watu wakimwambia jambo kwa pamoja huona ni adabu kukubali. Mimi pia niko hivyo. Darasani wakisema wote jibu ni hili, hufuta langu hata kama lilikuwa sahihi. Tangu siku ya Afande nimeacha kufuta. Ni jambo dogo, lakini nimelipata kwako.

Sikuombi urudi kubeba bunduki. Elias anaibeba vizuri. Sikuombi hata uwasamehe haraka, wengine bado wanasema ungerusha jiwe. Ninachokuomba ni hiki tu: ukikaa peke yako huko Geita na ile asubuhi ikakurudia, usisimame tena pale kwenye "sijui." Unajua. Ulivuta. Ukavuta tena. Nimeziona alama zako kwa macho yangu, nimezigusa kwa kidole.

Mama atapanda basi kesho asubuhi pale Omurushaka, na barua hii atakuwa nayo mkobani. Mimi leo nimekwenda kwa mwenyekiti na nakala yake, isiyo na aya hii ya mwisho, kumwomba nafasi kwenye ubao wa matangazo. Niliomba kwa sauti ndogo, ikabidi nirudie. Aliisoma yote amesimama, akatafuta pini za kubandikia, akanisaidia kuishika karatasi upande wa juu. Kisha nimechukua ufunguo kwa Mama, nimefungua nyumba yako, nimefagia, nimetoa blanketi lako juani na kuwasha moto jikoni ili nyumba ikauke unyevu. Moshi ulipoonekana, watu watatu walikuja mmoja baada ya mwingine kuuliza kama umerudi. Niliwaambia bado, nikaendelea kufagia.

Baki salama, Mjomba.

Mpwa wako,
Adela